Kuvimba na Uvimbe

Wanafunzi walimwita Profesa Usaha, naye alilijua jina hilo na hakulichukia. Kweli usaha ndio uliomlea kitaaluma. Tangu ujana wake alikuwa akichunguza zile seli nyeupe za damu ambazo, ukijikata kidole, ndizo za kwanza kufika, zikapigana, zikafa kwa wingi na kutoka kama usaha. Wengine wakiuona hukunja pua. Yeye aliuona akawaza maiti za waliotangulia, kisha akajiuliza swali ambalo hakuna aliyemtuma aulize: zile ambazo hazikufa huenda wapi?

Jibu alilitafuta katika vifaranga vya samaki, vidogo kama unywele wa kope, ambavyo mwili wao unaonekana mpaka ndani kama kioo. Alikata ncha ya mkia kwa wembe mwembamba, akakiweka kifaranga chini ya hadubini, akakaa kutazama. Seli zilizotiwa rangi ya kung'aa zilichomoka kwenye mishipa, zikajipenyeza katikati ya nyama na kulikimbilia jeraha. Kazi ilipokwisha, baadhi yake ziligeuka zikarudi zilikotoka. Kuona zikirudi ndiko kulikompa uprofesa.

Halafu badala ya kukata mkia akapandikiza saratani. Seli nyeupe zilikwenda kwa mbio zilezile, ila safari hii hazikurudi. Zililowea hukohuko. Nyingine zikaanza hata kuisaidia saratani, zikiifungulia njia ya kupita.

"Zimeolewa huko," aliwaambia wanafunzi, nao wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Kwa nini hazirudi? Swali hilo lilikuwa limemla macho na mgongo, na bado alikuwa na majibu nusunusu. Siku hizi akitoka kwenye hadubini alishika ukingo wa meza kwanza, akangoja chumba kitulie, ndipo akasimama.

Darasani alikuwa mkali, hasa kwa maneno. "Kuvimba ni kitendo, uvimbe ni kitu," alisema kila mwaka. Kifundo cha mguu kikiteguka, kinavimba. Mwili uko kazini, na baada ya siku chache kinanywea. Uvimbe wa saratani hauko hivyo, haungoji kunywea. Mwanafunzi aliyechanganya mawili hayo kwenye mtihani alikatwa alama bila huruma, na akija kulalamika alijibiwa, "Mgonjwa hatakuuliza ulikusudia nini. Atafanya ulichosema."

Basi siku moja alialikwa redioni. Alikwenda akitoka kwenye vikao vya kutwa nzima, hajatia kitu tumboni, kichwa kinamgonga. Mtangazaji alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Walizungumza sana juu ya majeraha, vifundo vya miguu na barafu. Kisha mtangazaji akatupia macho saa ya ukutani.

"Kwa hiyo, Profesa, tukiona uvimbe tusiwe na papara?"

Kichwani mwake walikuwa bado kwenye kifundo cha mguu. Alitaka kwenda kulala.

"Msiwe na papara," alijibu. "Uvimbe si adui. Uacheni umalize kazi yake."

Muziki ukapandishwa. Kesho yake wenzake walimpongeza kwa kuongea lugha ya watu. Hakuna aliyemkosoa, na yeye mwenyewe hakukumbuka hata alimaliza vipi.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, fundi wa kushona nguo za kike. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea mdogo wake, akamwogesha, akamsuka, akamchapa, na kumpeleka shule akiwa amemshika mkono. Mpaka leo Profesa hajawahi kununua gauni dukani. Jumamosi moja mchana, miezi kadhaa baada ya kile kipindi, alikwenda kwake kupimwa. Dada alinyoosha mkono wa kushoto kuteremsha kitambaa rafuni, akaurudisha katikati ya safari, akanyoosha wa kulia.

"Mkono una nini, Dada?"

"Hauna kitu. Unavuta tu kwapani."

"Tangu lini?"

"We mtoto, umekuja kupimwa gauni au kunipima mimi? Simama wima, una kibyongo kama bibi harusi wa mtumba."

"Dada."

Fundi alitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kifuko chake. "Kiuvimbe kidogo. Hapa." Akaligusa titi lake juujuu, kama mtu anayeonyesha kifungo kilichokatika. "Usinitolee macho. Nilikusikia redioni. Niliwaambia wateja wote humu, nyamazeni, mdogo wangu anaongea. Ukasema uvimbe si adui, uachwe umalize kazi yake. Nami nimeuacha."

Profesa alikaa juu ya kigoda cha cherehani bila kuangalia kama kina nguo.

"Nilikuwa nasema kifundo cha mguu."

"Kifundo ulikitaja mwanzoni. Mwishoni ulisema uvimbe."

"Yule mtangazaji ndiye aliyeuliza vibaya."

"Na wewe ukajibu vizuri?"

Ilikuwa rahisi kuendelea kubishana. Kulikuwa na mtangazaji wa kubebeshwa lawama, kulikuwa na saa ya ukutani, kulikuwa na njaa na kichwa kinachogonga. Mtu aliyechoka hakosi pa kujificha, na wasomi ndio wenye maficho mengi kuliko wote. Lakini neno likishatoka halimuulizi msemaji kama alikuwa amelala vizuri. Profesa alilijua hilo. Alilifundisha kila mwaka na kuwakatia alama watoto wa wenzake.

"Twende hospitali Jumatatu," alisema.

"Siendi. Leo hivi, kesho vile! Nikifika huko wataniambia la tatu. Niache nishone." Sauti ilikuwa ya ukali, ila mikono ilikuwa ikikunja na kukunjua kitambaa kilekile. Profesa akaona kwamba dada yake hakuwa amemtii mtu wa redioni tu. Alikuwa ameogopa, na maneno yale yalimpa ruhusa ya kukaa nyumbani.

"Dada, hukusikia vibaya. Mimi ndiye niliyesema vibaya."

Fundi aliinua kichwa. Toka walipokuwa wadogo, mdogo wake huyu alikuwa tayari kuchapwa mara mbili kuliko kutamka neno hilo.

"Rudia."

"Nilikosea. Nilisema uvimbe, na uvimbe ndio huo ulionao. Huo hauachwi hata siku moja."

Dada alikikunja kile kitambaa, akakiweka kando. Mwishowe akaubeba mkasi na kuutundika msumarini. "Uje mapema basi. Foleni za huko nazijua."

Hospitali walimchoma sindano ya kutoa kipande cha uvimbe kikapimwe, wakampiga picha, wakamwambia arudi. Waliporudi, daktari aliyewapokea alikuwa amewahi kukaa darasani kwa Profesa. Alifungua majibu, akaanza kumweleza mwalimu wake kwa lugha ya kitabibu, huku mgonjwa ameketi katikati yao kama mzigo wa mtu.

"Mwambie yeye," Profesa alimkatiza.

Kijana aliona haya. Akageuza kiti. "Mama, ni saratani. Imefika kwenye tezi za kwapani. Sijaiona kwingine. Tutaanza na dawa, halafu upasuaji. Matibabu yatakuwa marefu na yatakuchosha, lakini yapo."

"Nitaweza kushona?"

"Mkono utakuwa mzito kidogo. Kuna mazoezi."

"Haya. Asante, baba."

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa kuchukulia dawa. Dada alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Watu walipita na makaratasi yao. Profesa aliusikia mwili wake wote, magoti, shingo, macho, kama wa mtu aliyebeba maji tangu asubuhi.

"Nikuulize kitu," dada alisema, "na usinifundishe. Nijibu tu. Ningekuja siku ileile nilipouona uvimbe, saratani ingekuwa imefika kwapani?"

Zipo namna nyingi za kulikwepa swali la namna hiyo. Mtu anaweza kusema hakuna anayejua, na asiwe mwongo kabisa. Profesa alitazama sakafu, kisha akamtazama dada yake.

"Sina hakika. Lakini ingekuwa ndogo kuliko sasa. Na huenda isingefika."

Dada alitikisa kichwa polepole, akafumba macho, akayafumbua. Hakulia. Kisha akauliza, "Redioni umeshakwenda kuwaambia?"

"Bado. Nilitaka kwanza tujue majibu yako."

"Majibu yangu yanahusu nini? Kuna mwenzangu saa hii anajipapasa chumbani kwake, anasema Profesa kasema niache."

"Nitakwenda kesho, Dada. Leo nikupeleke nyumbani."

"Nyumbani nitafika. Nina miguu." Akamsukuma begani kwa kiganja, si kwa nguvu. "Inuka uende leo. Na ule kitu kwanza, maana wewe ukiwa na njaa unameza maneno."

Profesa alishika ukingo wa benchi, akangoja korido itulie, akasimama. Dada yake alikuwa ameshamgeukia mama aliyekaa upande wa pili, anamuuliza foleni ya dawa inaanzia wapi.