Kwa Tanga Hadi Ujiji

Nimefundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza Kibondo nilikozaliwa, kisha Kasulu ninakoishi hadi leo. Kila mwaka nimewaambia wanafunzi wangu habari za Ujiji: bandari ya kale ya ziwa letu, mwisho wa njia ndefu ya misafara, mahali pembe za ndovu na binadamu walipopimwa kwa jicho moja. Nilikuwa nimefika huko mara mbili tatu kwa basi, kwa shughuli za ofisi, nikarudi bila kugusa maji. Niliwahi kumwambia binti yangu, alipokuwa bado mdogo, kwamba mji wa bandari haujulikani na mtu aliyeingilia mlango wa nyuma.

Binti huyo sasa ni mkunga, na serikali ilimpangia kazi Ujiji. Alipanga chumba kwa mama mmoja mjane wa hapo hapo, Mwislamu, mtu mzima kunizidi. Mwaka wa kwanza alikuja nyumbani kila alipopata likizo. Mwaka wa pili alikuja mara moja, na siku hizo chache alizokaa nasi, kila sentensi yake ilianza na maneno, “Mama anasema.” Mama aliyekuwa akisemwa hakuwa mimi.

Wenye kusoma vitabu hutenganisha wivu na husuda. Husuda, wanasema, ni kutamani cha mwenzako kimtoke. Wivu ni kuchelea chako kisikutoke. Nimelieleza jambo hilo darasani kwa utulivu mkubwa. Nilipolipata mwilini mwangu niligundua kwamba mpaka wenyewe ni mwembamba mno, na kwamba nilikuwa nikiuvuka kila siku, kwenda na kurudi.

Basi mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, milima ya Kasulu ikiwa imefunikwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, niliposikia kwamba hospitali yetu ya wilaya inahitaji wakunga, nilifunga safari. Niliazimia jambo moja tu: binti aombe uhamisho, arudi nyumbani. Nilibeba kapu la maharage mapya na dumu dogo la asali ya Kibondo.

Alinipokea Kigoma mjini, na badala ya kunipeleka kituo cha magari ya Ujiji, alinishusha ufukweni. Mashua ya tanga ilikuwa ikitungoja.

“Mama, leo unaingia Ujiji kwa mlango wa mbele,” alisema akicheka.

Moyo wangu ulijaa. Nilidhani amelikumbuka neno langu la zamani, na kwamba bado yu wangu. Nikamshukuru kwa wazo lile zuri.

“Wazo ni la Mama,” akanijibu. “Nilimsimulia ulivyokuwa ukisema, akasema usije kwa gari. Mashua ni ya mdogo wake.”

Nikachukua kapu langu, nikapanda.

Nahodha, yaani huyo mdogo wake, alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno mengi. Siku hizi karibu kila chombo kina injini. Yeye hutumia tanga kwa sababu, alisema, upepo haupandi bei. Alinionyesha pa kukaa.

“Mwalimu, kaa katikati hapo. Watu wa milimani mnaogopa maji hata ya kuoga.”

“Ya kwetu yana baridi, ndugu yangu,” nikamjibu. “Ninyi huku mnaoga supu.”

“Haya! Mjomba, umepatikana!” binti akapiga kelele.

Mjomba. Nina kaka, na binti yangu ana mjomba wake wa damu huko Murungu, Kibondo. Nilitazama upande wa Kongo, ambako milima ilionekana kama wino uliofifia, ili nisionekane uso.

Upepo wa asubuhi ulikuwa wa nchi kavu, mwepesi. Tulivuka mdomo wa ghuba, tukaizunguka rasi ya Bangwe, na hatimaye Ujiji ikajitokeza: mabati, minara ya misikiti, mitumbwi iliyopinduliwa kwenye mchanga. Binti alinyoosha kidole juu ya mji, mbali kabisa na maji. Zamani ziwa lilifika pale, alisema. Vyombo vilitia nanga mahali ambapo leo watu wanalima mihogo. Ziwa limeihama bandari yake. Habari hiyo niliijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini aliisimulia kwa maneno ambayo sikumpa mimi.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama ufukweni pamoja na wanawake wengine wawili. Nilipokanyaga mchanga, alifanya jambo nisilolitazamia. Aliinama, akapiga makofi polepole kama tunavyofanya Waha, akanishika mikono, akaniuliza kwa Kiha chenye lafudhi ya mwambao wa ziwa: hali yangu, ya nyumba, ya majirani, ya mashamba. Hakuruka hata moja. Binti yangu alikuwa amemfundisha. Hata salamu yetu ilikuwa imegawiwa.

Hata hivyo niliona kosa, nikalishika kama mtu aliyepata fimbo. Kwetu anayeinama ni mdogo.

“Mama,” nikamwambia mbele ya wenzake, “desturi haiko hivyo. Wewe ni mkubwa. Mkubwa hainami.”

“Najua, mwalimu,” alisema bila kuona haya. “Mwanao amenieleza sana. Lakini binti ni wako, mimi ninakutunzia tu. Anayetunza cha mtu ndiye anayeinama.”

Wenzake wakasema, “Kweli, kweli.”

Mchana tulikula ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese. Macho ya mwenye nyumba yamepungua nguvu, kwa hiyo binti alimchambulia miiba, akimwekea vipande safi ukingoni mwa sahani huku akiongea nami, kama mtu asiyejua mikono yake inafanya nini. Nina macho mazima. Siku ile niliyachukia.

Jioni nilimweleza binti kuhusu nafasi ya Kasulu. Nilizungumza kwa hoja, moja baada ya nyingine, kama ninavyozungumza kwenye vikao. Alisikiliza hadi mwisho. “Nipe usiku wa leo, Mama,” akasema.

Asubuhi nilikuwa nimekaa na mwenye nyumba sebuleni tunakunywa chai. Sauti ya binti ikaja kutoka uani: “Mama!”

“Abee,” tukaitika sote wawili, kwa pamoja.

Mwenye nyumba aliweka kikombe chini. “Wewe, mwalimu. Unaitwa.”

Nikatoka. Binti alikuwa amechuchumaa jikoni, na aliponiona nimesimama mlangoni, uso wake ulishtuka kidogo kabla ya kutabasamu. “Nilitaka tu kuuliza chumvi iko wapi,” akasema.

Mimi ningejuaje chumvi ya nyumba ile ilipo? Naye alijua kwamba sijui.

“Utabaki,” nikamwambia.

“Nitabaki, Mama.” Machozi yalimlenga. “Usinikasirikie.”

Sikumkasirikia. Nilirudi ndani kuuliza chumvi, nikamletea.

Walinisindikiza ufukweni wote wawili. Kapu langu lilikuwa limejazwa dagaa, kwa kuwa mwenye nyumba anajua vilevile kwamba kapu halirudishwi tupu. Binti aliniinamia, akapiga makofi, nikamwekea mkono begani. Kisha nikamgeukia yule mama. Wivu ulikuwa haujapungua hata kidogo, na sitadai hapa kwamba ulipungua. Lakini yeye ni mkubwa, mimi ni mdogo, na desturi haingoji moyo uwe tayari. Nikainama. Nikapiga makofi. Nikamwuliza yote yanayoulizwa.

“Endelea kunitunzia,” nikamwambia.

Nahodha akanipa mkono nikapanda. Bila kuambiwa, nikakaa katikati.