Siku Dominiki Alipoambiwa Atulie

Kuna watu wanaojua kukaa, na kuna Dominiki. Mpe kiti, mpe soda baridi, mwekee na mto mgongoni: kabla soda haijafika nusu atakuwa amesimama, anafuta meza kwa kiganja, ananyoosha pazia, anauliza kama kuna mlango unaolia autie mafuta. Mkewe Godelive alikwisha kukata tamaa. Alisema mume wake hata usingizini anafuta kitu.

Basi Jumamosi moja ya Agosti, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mtu huyuhuyu aliambiwa akae kwenye kochi nyumbani kwake Greyville, Durban, ghorofa ya pili, amevaa suti, mikono magotini, asiinuke mpaka binti yake Anaïs awe amekwisha kuombwa na wakwe. Afadhali wangemwambia abebe friji mgongoni apande nalo ngazi. Angelibeba, tena kwa furaha.

Ada za Burundi ndivyo zilivyo. Upande wa mwanamume unapokuja kuomba, baba wa binti hasemi neno. Anakaa kwa heshima zake, na msemaji wake ndiye anayebishana na msemaji wa wageni, wakitupiana mafumbo ya ng'ombe na pombe hadi waelewane. Binti naye hufichwa chumbani, haonekani mpaka aitwe. Msemaji wa Dominiki alikuwa Pontien, mzee wa kanisa, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi. Siku hiyo alikuwa na kazi mbili: kujibizana na wageni, na kumzuia Dominiki asiinuke.

"Wageni nitawaweza," Pontien alisema, akijimwaga kwenye kochi kando yake. "Lakini huyu muzee? Hii ni kazi ya polisi."

Wageni wenyewe walikuwa Wakenya. Lennox, kijana aliyempenda Anaïs, alikuwa akisoma chuoni hapo Durban, na mjomba wake Crispus, aliyekuwa akifundisha chuo hichohicho, ndiye aliyesimama badala ya wazazi waliobaki Kenya, akisindikizwa na Wakenya wenzao wa mjini.

Dominiki alikuwa msafisha magari, tena bila maji. Alitoka Ngozi, Burundi, akiwa kijana, akiikimbia vita, akakaa kambini Kigoma ambako Kiswahili chake kilikomaa, halafu akateremka kusini, nchi baada ya nchi, mpaka bahari ya Durban ikamwambia hapa ndugu yangu huendi tena. Alianza kwa kulinda magari karibu na uwanja wa mbio za farasi. Lakini kulinda gari ni kusimama mahali pamoja, na hilo lilimshinda. Baadaye akapata nafasi Overport, kwenye maegesho chini ya jengo la maduka, ambako wenye jengo hawakutaka kuona ndoo wala tone la maji sakafuni. Hapo akajifunza kazi ya chupa na kitambaa.

Gari la matope hakuligusa. Alimwambia mwenyewe alipeleke kwenye bomba. Yake yalikuwa magari ya vumbi jepesi, yale yaliyolala nje siku moja mbili. Unapulizia dawa ya kusafishia juu ya bati lililopoa, unaiacha kidogo vumbi lilegee, kisha unapitisha kitambaa laini kilichokunjwa mara nne, bila kukandamiza, kwa njia moja, kutoka paani kwenda chini. Upande mmoja ukishika vumbi, unageuza mwingine. Kitambaa cha kwanza kinachukua uchafu. Cha pili, kisafi na kikavu, kinaleta mng'aro. Ukilisugua vumbi likiwa kavu, umelifanya msasa. Na kitambaa kikianguka chini kimekufa, hata kama macho yako hayakuona kilichoshika, maana chembe moja ya mchanga inatosha kumwachia mtu mchirizi asioufuta maisha. Ajabu ni kwamba mtu huyu asiyetulia popote, mbele ya gari lenye vumbi mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mama anayemfuta mtoto uso.

Vitambaa vilifuliwa nyumbani katika beseni la vitambaa tu. Tangu Anaïs yuko shule ya msingi, yeye ndiye aliyevikunja kila jioni, huku kitabu kikiwa wazi mbele yake. Alipoanza kazi kwenye duka la dawa aliacha. Dominiki aliona.

Halafu ikaja Krismasi. Baada ya ibada watu walikuwa wanakula uani mwa kanisa, na Dominiki, suti yake mwilini, akaona gari la mchungaji lina vumbi. Mazoea yana taabu. Wakamkuta ameinama kwenye mlango wa gari anafuta, wakacheka, na msichana mmoja akamuuliza Anaïs, "Huyu ni mfanyakazi wenu?" Anaïs aliondoka pale akilia. Tangu siku hiyo Dominiki alikuwa na mwiba moyoni. Na Lennox alipokuja nyumbani mara ya kwanza, alimsikia binti yake akimwambia, "Papa iko kwa mambo ya magari." Mambo ya magari! Katika mji wenye bandari kama ile, mambo ya magari yanaweza kuwa meli nzima ya Toyota. Mwiba ukazama.

Kwa hiyo Anaïs alipomshika mkono wiki ile na kumwambia, "Papa, siku hiyo ukae tu. Nakuomba, usiguse gari ya mutu," Dominiki alijibu, "Sawa, mama." Lakini alichosikia ni: Papa, mikono yako inanitia aibu. Akaapa atakaa. Godelive, asiyeamini viapo, aliichukua chupa ya dawa pamoja na kitambaa kimoja akavificha chini ya kitanda cha Anaïs, kisha asubuhi ya sherehe akavifua vitambaa vingine vyote, akavianika vikitiririka maji. Hakujua kwamba kimoja, kikavu na kisafi, kilikuwa tayari ndani ya koti la mumewe. Dominiki hakukichukua kwa kazi. Alitaka tu mkono uwe na mahali pa kushika.

Na Wakenya wakafika mapema. Soda zilikuwa bado za moto, viti vya kuazima havijapangwa. Pontien akatuma mtu chini kuwaambia wageni wangoje barabarani mpaka waitwe. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo, lakini si kabla mwenyeji hajavaa viatu.

Kosa lilikuwa la kochi. Godelive alikuwa amelisogeza chini ya dirisha ili kupata nafasi, na kutoka hapo barabara yote ilionekana. Dominiki aliliona gari la Crispus lilivyo: jeusi, zuri, na juu yake vumbi jembamba la kijivu, kwa kuwa upepo wa Agosti ulikuwa unapuliza saruji kutoka jengo lililokuwa likijengwa pembeni. Aliona Lennox akitoa kamera. Aliona Crispus akilitazama gari, akitikisa kichwa, akifungua mlango na kutoa kile kitambaa cha manjano cha kufutia vioo.

"Yesu wangu," Dominiki alisema. "Anasugua kavu."

"Nani?"

"Mukwe! Anasugua kavu, Pontien. Kwa duara! Gari nyeusi!"

"Ni gari yake."

"Iko vumbi ya simenti ile. Acha nimwambie kwa dirisha tu. Neno moja."

"Baba ya binti hapigi kelele kwa dirisha. Kaa."

Dominiki akakaa. Goti la kulia likaanza kucheza, akalishika. La kushoto likapokea. Alifumba macho, akasikia ule mkwaruzo masikioni ingawa kutoka ghorofa ya pili hausikiki. Alifumbua. Crispus, mtu wa watu, alikuwa anatoka jasho kwa wasiwasi wa kuomba mke kwa desturi asizozijua, na kadiri alivyohangaika ndivyo alivyokandamiza. Halafu kitambaa kikamponyoka, kikaanguka barabarani. Akakiokota, akakikung'uta mara moja, akarudi kwenye boneti.

Dominiki alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. Pontien alimshika koti kwa nyuma.

"Umeapa kwa binti yako," alisema polepole, bila mzaha.

Neno hilo lilimzuia kuliko mkono wa Pontien. Angeweza kumshinda Pontien, angeweza kushuka ngazi kwa pumzi moja. Lakini Anaïs alisema akae. Kama gharama ya binti yake kutoona aibu ilikuwa gari moja kuharibika mbele ya macho yake, basi liharibike. Akakaa. Macho yakamjaa machozi, na mtu asiyejua angedhani ni uchungu wa kumwoza binti.

Ndipo kelele zikazuka kwenye korido. "Anaïs! Wee Anaïs, rudi! Anaïs!" Mlango ulifunguka ukajipiga ukutani. Godelive akaingia sebuleni mikono kichwani. "Amesikia mambo ya gari kutoka chumbani! Nimemwambia binti haonekani! Ananijibu, Papa wamemfunga, basi nitashuka mimi!"

Dominiki aligeukia dirisha. Binti yake alikuwa barabarani, ndani ya imvutano yake nyeupe ya sherehe, vazi linalofungwa begani, ambalo alikuwa amelikusanya kwa mkono mmoja lisiguse lami. Mkono wa pili ulishika chupa ya dawa, na kitambaa kikiwa begani. Wakenya walimpisha njia.

"Samahani, mjomba," alimwambia Crispus. "Hiyo ya manjano weka chini, tafadhali. Inakwaruza."

Crispus alitazama mkono wake kama si wake. "Kwani nilikuwa naharibu? Pole sana. Na wewe ni nani?"

"Ni mimi mumekuja kuomba."

Kicheko kilichopasuka pale chini kilifika ghorofa ya tatu. Lennox aliteremsha kamera. Anaïs hakucheka, alikuwa amekwisha kupulizia dawa, anangoja. Kisha akakunja kitambaa mara nne na kuanza paani, kwa njia moja, mkono mwepesi, akigeuza upande kila ulipochafuka. Juu dirishani, mkono wa Dominiki ulikwenda naye hewani, kushoto kulia, bila yeye kujua.

"Nani alikufunza hivi?" Crispus aliuliza.

"Papa." Akainua kidole mbele ya wageni wote. "Yule pale kwa dirisha. Ndiyo kazi yake, kusafisha magari. Mimi nilikuwa nakunja vitambaa."

Nyuso zote ziligeuka juu. Baba wa binti, ambaye kwa ada hachungulii wageni, alikuwa amechomoza dirishani mpaka kifuani. Crispus alivua kofia, akampungia. Dominiki akapunga pia.

"Papa!" Anaïs aliita. "Iko kitambaa ingine? Hii imeshiba vumbi. Nataka ya kumalizia."

Godelive alimtazama mumewe. Dominiki alitia mkono ndani ya koti, taratibu kama mwizi aliyekamatwa, akatoa kitambaa.

"Muzee! Na uliapa!" Pontien alisema.

"Niliapa kukaa. Mfuko haukuapa."

Akanyoosha mkono nje ya dirisha ili akirushe.

"Usitupe!" Anaïs alipaza sauti. "Ikianguka chini imekufa. Shuka nayo, Papa."

Pontien alimwachia koti. Dominiki alikibeba kitambaa kwa mikono miwili, akapita katikati ya viti vya kuazima na soda za moto, akatoka. Ngazi zile alikuwa akizishuka mbiombio kila asubuhi, tatu tatu. Siku hiyo alishuka moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu Godelive amjue, hakuwa na haraka.