Kitambaa cha Mama na Maji ya Silanga

Mchanga uliolowa una harufu yake, nami huitambua hata nikiwa nimefumba macho. Ni harufu ya ubaridi, yenye chuma kidogo, harufu ya kitu ambacho Mungu amekificha ili jua lisikifikie. Mto wetu, upande wa chini wa soko la Tulia, ulikuwa na maji kwa wiki chache tu za mvua. Miezi mingine yote ulikuwa kama barabara pana ya mchanga mweupe, na wageni waliouona walituhurumia. Sisi tulijua kwamba maji yapo chini pale, yametulia. Aliyeyataka alichimba, akateka maji ya kwanza yaliyochafuka akayamwaga, ya pili vilevile, ya tatu vilevile, kisha akaketi kando ya kisima akangoja. Mama alisali katika ule muda wa kungoja. “Mchanga hauharakishwi,” alituambia, na alipofumbua macho, maji maangavu kama jicho la ndama yalikuwa yameanza kupanda polepole kutoka chini.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na umri wa miaka kama kumi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilitupita, mchanga wa karibu ukakauka, ikabidi tuufuate mto juu zaidi, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mtungi mgongoni na ukanda wake umekazwa kwenye paji la uso. Na hali hatua chache tu kutoka nyumbani kulikuwa na silanga, bwawa ambalo wazee walilichimba kwa ajili ya mifugo. Maji yake yalikuwa ya kahawia, na ng'ombe walisimama ndani yake hadi magotini. Majirani wengi waliyanywa mwaka ule, wala siwalaumu. Miguu ya mtu ina mwisho wake. Mama peke yake ndiye aliyekataa. Jirani yetu Mama Kalunde, aliyempenda sana na kumtania zaidi, alimwita kutoka upande wa pili wa ua: “Kwani wewe Mama Syombua, watoto wako wana matumbo ya wazungu? Maji ni maji!” Mama akajibu huku akikaza ukanda wake, “Matumbo yao ni kama ya wako, Mama Kalunde. Ndiyo maana naenda.”

Mama alikuwa na kitambaa kimoja cheupe cha kichwa, cha kina mama wa kanisa letu. Jumapili alikivaa. Siku nyingine alikikunja mara nne juu ya mdomo wa mtungi, akachujia maji ili chembe za mchanga zisipite. Basi ikatokea kwamba dada yake alijifungua kule Mbumbuni, na Mama akaenda kumwona kwa siku tatu. Aliniachia mdogo wangu Musyoka, wa miaka minne, aliniachia kazi ya maji, na aliniachia kile kitambaa.

Siku ya kwanza nilienda mtoni nikarudi nimechoka hoi. Siku ya pili nilipofika penye njia panda nilisimama, nikautazama mlima wa kwenda mtoni, nikageuka nikaenda silanga. Nilijipa moyo kwamba nitayachuja vizuri. Niliyapitisha kwenye kitambaa cha Mama mara mbili, nikayaacha mtungini yatulie hadi asubuhi, kisha nikayamimina taratibu bila kutikisa matope ya chini. Yaling'aa, nami nikajiona fundi. Musyoka alikunywa kidogo, akakunja uso. “Dada, umeyachota wapi?” akauliza. “Mtoni,” nikamwambia. “Kunywa.” Akanywa, kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

Mama aliporudi alimkuta mwanawe hawezi kusimama. Kila kilichoingia kilitoka, macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hakutoa chozi. Tulimbeba hadi zahanati. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, aliuliza mtoto anakunywa maji gani. Mama alijibu bila kusita, “Ya mchangani, dada. Ya silanga sijampa hata siku moja.” Basi muuguzi akaanza kuuliza habari za chakula, za nyama, za matunda mabichi, na mimi nikiwa nimesimama pale nikaona kwamba uongo wangu unampeleka kutafuta mahali pasipo na kitu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Niliogopa kile kilio kuliko nilivyoogopa fimbo. Nikasema, “Ni ya silanga. Ni mimi.”

Mama hakunipiga. Aliishika miguu yangu iliyopasuka kwa kokoto, akasema neno ambalo sijalisahau: “Ungeniambia umechoka, mwanangu.” Musyoka alilala pale siku nne, akinyweshwa kijiko kwa kijiko, na kwa neema ya Mungu akapona. Kitambaa kilibaki na doa la kahawia ambalo sabuni haikuliweza. Mama alikivaa hivyo hivyo kanisani, doa akilikunja kwa ndani, na tangu siku hiyo hadi mvua iliponyesha hakunituma mtoni peke yangu.

Sasa naishi Kwa Vonza, na Musyoka, aliyefiwa na mkewe, anakaa nami. Maji yetu hutoka kwenye kisima kirefu na kufika hadi bombani jikoni, jambo ambalo kila asubuhi namshukuru Mungu kwalo. Lakini yana chumvi. Tukiyachemsha vijidudu hufa, ila chumvi hubaki, na daktari amemwonya Musyoka kwamba figo zake haziyawezi. Binti yangu Mwende akapendekeza tununue mtambo wa kuchuja maji, ule wa bei ya juu unaotoa hata chumvi. Bei yake ni ya mtamba mzima, na mtamba ninaye mmoja tu. Niliomba juu ya jambo hilo wiki kadhaa, maana nilijiuliza kama huo si ubadhirifu kwa mwanamke aliyekuzwa na maji ya mchangani.

Kijana muuzaji alikuja na gilasi mbili, moja ya maji ya bomba na moja yaliyochujwa. “Susu, jionee mwenyewe,” akasema, akiniita bibi kwa Kikamba. “Yanang'aa!”

“Hata mimi niliwahi kuyang'arisha maji, mjukuu wangu,” nikamjibu. Alicheka, asijue nasema nini.

“Lakini susu, bei hii inaisha Ijumaa.”

“Basi iishe.”

Mwende alijaza chupa mbili, moja kabla ya maji kupita kwenye mtambo wa maonyesho wa yule kijana na moja baada, akazipeleka maabara mwenyewe. Tukangoja. Niliuliza pia vichujio vya ndani hubadilishwa baada ya muda gani na kwa bei gani, kwa maana mtambo usiotunzwa hauna tofauti na kitambaa changu. Majibu yalipokuja, Mwende alinisomea mstari kwa mstari: vijidudu hakuna, chumvi imeshuka hadi kiwango alichokitaka daktari. Nikamuuza mtamba.

Watu huniuliza kama ule mtambo si ghali mno. Nawaambia maji safi hayajawahi kuwa rahisi huku kwetu. Mama aliyalipia kwa nyayo zake na kwa alama ya ukanda aliyozikwa nayo kwenye paji la uso, ila kwa kuwa ni mwanamke aliyebeba, hakuna aliyeita gharama hiyo ghali. Mimi nimelipa kwa mnyama mmoja, nikiwa nimeketi.

Gilasi ya kwanza nilimpa Musyoka. Mzee huyu mwenye mvi amenitania kwa swali moja maisha yetu yote, kila ninapompa maji, hata mbele ya wageni. Aliinua gilasi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. “Dada, umeyachota wapi?”

Nikamwekea ile karatasi ya maabara mezani. Hakuisoma. Alikunywa hadi tone la mwisho, akaninyooshea gilasi niijaze tena.