Pasipoti Zilizokaa Kwangu

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilipewa ndoo, kamba na ubao wa kukalia, nikaning'inia nje ya hoteli moja ya Al Barsha kuosha vioo. Kabla sijapanda, arbab, yaani mwenye kampuni, alinyoosha mkono akataka pasipoti yangu.

"Itakaa salama kwangu," alisema. "Yalla, haya, kazi."

Miaka mingi baadaye nilifungua kampuni yangu ya usafi kule Dubai Investments Park, na pasipoti za wafanyakazi nikazifungia kwenye sefu. Ndivyo kazi ilivyofanywa, nami sikutafuta njia nyingine.

Kisha mbunge wa kwetu Ukambani akafariki. Wazee walinipigia simu nigombee, nikashinda. Nilimalizia muda wake tu, haukufika miaka miwili. Kiranja wa chama, anayehakikisha wabunge wake wanapiga kura pamoja, aliniambia, "Wewe unaijua Ghuba. Tuletee hoja."

Nikaleta hoja ya kuwakataza mawakala na waajiri kushika pasipoti za watu wetu. Nilizungumza vizuri, mpaka mama mmoja wa upande wa pili akasimama.

"Bwana Spika, mheshimiwa atueleze za wafanyakazi wake ziko wapi."

"Ziko salama kwangu," nikajibu.

Bunge zima liliangua kicheko. Niliketi. Hoja ikaanguka.

Uchaguzi uliofuata niliangushwa. Nikarudi Dubai, nikafungua sefu na kumpa kila mtu yake. Nduku, msafishaji aliyekaa nami muda mrefu kuliko wote, aliifungua yake akaitazama.

"Sir, imeisha muda," akasema. "Mama alipofariki niliiomba nikamzike, meneja wako akaniambia nisubiri, inashughulikiwa. Nikasubiri hadi wakazika."

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe ubalozi mdogo, tukakaa foleni mpaka adhuhuri.

Sasa nimestaafu, naishi Oud Metha, na magoti yamechoka kama mwenyewe. Vijana huniita mheshimiwa na kuniuliza habari za ubunge. Sina hamu nazo. Wanaotaka kufungua kampuni ndio ninaowasimulia habari za Nduku. Alipopata pasipoti mpya nilimwambia akaone kaburi la mama yake, kazi yake ipo, arudi wakati wowote. Alinishukuru kwa adabu, kama kawaida yake. Hakurudi.