Kidonge Kilichomezwa Bila Maji

Chumvi nitatia, siwezi kuacha, lakini kidole ni cha kweli na mwenye kidole ni mjukuu wangu. Tunamwita Chiriku. Alianza kuongea kabla hajaota meno, na mkunga aliyempokea aliondoka hapa kashika kichwa.

Chiriku hushona vifungo kwenye kiwanda cha mashati. Ni ukumbi mmoja, mashine sitini, madirisha yana wavu na mlango una komeo kwa nje. Kelele za humo zilihamisha panya wote, wakabaki viziwi tu. Bomba la maji liko uani karibu na choo, na ruhusa ya kutoka ni kibao kimoja tu cha mbao, kinachoning'inia shingoni mwa msimamizi. Ukikitaka unataja sababu mbele ya watu wote. Kwa hiyo wasichana wale hawanywi maji tangu asubuhi. Ukiwagonganisha wawili, utasikia mlio wa kuni kavu.

Siku moja sindano ya mashine ikamtoboa kidole cha shahada. Akakifunga kitambaa akanyamaza, maana anayeumia huambiwa aende nyumbani akapumzike, na mimi sijamwona aliyerudi kutoka kwenye mapumziko hayo. Siku ya nne kidole kilikuwa kimevimba mpaka kinafika mlangoni kabla yake. Chekundu, cha moto, usaha ndani.

Jioni nikampeleka zahanati. Daktari, kijana mwenye miwani, akakipasua na kukikamua, Chiriku akaimba nyimbo ambazo hazijatungwa bado. Kisha akaandikiwa vidonge vya kuua vijidudu.

"Kimoja kila baada ya saa nane, kwa siku kumi," daktari akasema. "Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kila kimoja kwa glasi nzima ya maji, na ukishameza usilale kabla ya nusu saa. Usiruke, wala usikatishe hata ukijisikia mzima. Vijidudu vikifika kwenye mfupa, dada, kidole hiki tutakikata."

Kidole hicho ndicho kinachosukuma shati chini ya sindano. Bila hicho hakuna vifungo, na bila vifungo hakuna Chiriku kiwandani.

"Vikibaki nitameza mimi, goti linanisumbua," nikasema.

"Havitabaki, Bibi. Na goti lako halina vijidudu, lina miaka."

Ana mdomo kijana yule!

Cha asubuhi na cha usiku havikuwa na shida. Cha saa nane mchana ndicho kilichomzibia njia. Akitaka maji aombe kibao. Akiomba kibao aseme sababu. Akisema sababu aonyeshe kidole. Akionyesha kidole, akapumzike. Siku ya kwanza alikiruka, jioni akarudi anataka kumeza viwili kwa pamoja, ati anafidia. Nikamnyang'anya. Kusoma sijui, lakini bahasha ya dawa ilichorwa jua na mwezi, na chini ya kila picha kidonge kimoja, si viwili.

Ningeishia hapo ningekuwa bibi wa maana. Lakini mdomo huu! Nikamwambia, "Si umeze na mate tu? Mimi ujanani nilimeza vidonge vikubwa kama mayai ya bata, bila tone la maji, huku nakimbia."

Uongo mtupu. Yeye akausadiki.

Siku mbili ulifanya kazi. Siku ya tatu akainama kana kwamba anaokota kifungo, akatupia kidonge mdomoni, akasukuma na mate. Mate hayakuwepo. Kidonge kikashuka hadi katikati ya kifua kikagoma. Hakikurudi, hakikwenda. Akakaa hapo, mashine inamgonga miguuni, kifua kinawaka, mlango umefungwa, bomba analisikia linavyodondoka uani, na msimamizi anapita nyuma yake akihesabu mashati. Saa tatu nzima alishona hivyo, anatabasamu.

Alipofika nyumbani hakusema neno. Nilimpa uji, akalia kwa kumeza kijiko kimoja. Nikajua nimeua. Sikungoja hata kufunga kilemba vizuri, nikamrudisha zahanati.

"Ulimeza na nini?" daktari akauliza.

"Mate."

"Nani alikufundisha?"

Akaninyooshea kidole kile kile, na bendeji yake.

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema kidonge kiling'ang'ania kwenye njia ya chakula kikapachoma, patapona, lakini dawa haiachwi njiani. Akambadilishia ya maji. "Tikisa kwanza. Pima kwa kipimo hiki chenye mistari, si kijiko cha chai. Saa ni zile zile. Na maji unywe."

"Daktari," Chiriku akasema kwa sauti ya kukwaruza, "kidonge nilikificha shavuni. Chupa nitaificha wapi?"

"Barua nitakuandikia. Kukusemea siwezi."

Kesho yake saa nane mchana, mbele ya mashine sitini, akaweka chupa juu ya meza akaitikisa. Msimamizi akaja.

"Nini hicho?"

"Dawa. Naomba kibao nikanywe maji."

"Unaumwa nini?"

Akafungua bendeji. Mashine za jirani zikanyamaza.

"Siku ngapi hii?"

"Ya tisa."

"Ungesema siku ile ile."

"Ningesema, kaka, leo ningekuwa nimekaa wapi?"

Chiriku akampa barua ya daktari. Msimamizi hakuisoma. Akavua kibao akamtupia. Chiriku akanywa dawa, akaenda bombani akanywa maji mpaka tumbo likagoma. Aliporudi, kitini pake amekaa mwingine. Akaonyeshwa pembeni, kwenye kazi ya kukata nyuzi zinazoning'inia, kazi ya wanaoanza.

Yuko huko mpaka leo. Kidole kimepona, kucha tu ndiyo iliyomtoroka. Kila saa nane mchana alisimama kuomba kibao, akaulizwa sababu, akaitaja. Dawa ikaisha kama ilivyoandikwa. Kesho yake, saa nane ilipofika, akasimama tena.

"Dawa si imekwisha?" msimamizi akauliza.

"Imekwisha. Nina kiu."