Okka Bruns na Bafu la Kaka Yake

Okka Bruns alisambaza barua kwa baiskeli miaka ishirini na miwili katika mji wetu wa Frisia Mashariki, kaskazini mwa Ujerumani, na upepo wa huku haukuwahi kumrudisha posta na barua hata moja. Mimi nilikuwa nikimpangia mafungu yake kila asubuhi, ndiyo maana najua habari hii.

Kaka yake Hinnerk, fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, alipigwa na kiharusi. Hakuwa na mke wala mtoto, basi Okka akamchukua kwake. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakampotea yote isipokuwa moja: hapana. Akitaka chai, hapana, akifurahi, hapana. Ilikubidi usikilize sauti yake.

Mwanzoni Okka alimwogesha kwenye beseni refu la zamani. Siku moja maji yalizidi moto, na kwa kuwa upande ule hauhisi kitu, Hinnerk hakushtuka. Ngozi ya paja ikababuka. Okka alilia siku mbili, kisha akaita mafundi wang'oe beseni, wajenge bafu lisilo na kizingiti, lenye kiti na bomba lisiloruhusu maji kuunguza. Bima ililipa sehemu. Iliyobaki alitoa mfukoni mwake.

Alipojaza fomu za kodi, aliandika gharama hiyo pamoja na dawa na nauli za mazoezi ya kuongea, ili vyote vitolewe kwenye mapato anayokatwa kodi. Ofisi ya kodi ikakubali dawa na nauli. Bafu ikalikataa: huo ni ukarabati wa nyumba, si matibabu.

Sisi wa posta tulimshauri aachane nao. Akasema hakuomba sadaka, akaandika pingamizi kabla mwezi haujaisha, akaambatisha cheti cha daktari.

Akaitwa. Siku hiyo hakupata wa kumwachia mgonjwa, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ofisini. Ofisa, Bwana Meinders, alikuwa mtu mpole. Alieleza kwamba bafu jipya hupandisha thamani ya nyumba, kisha akapendekeza wakubaliane nusu, mambo yaishe.

"Mimi namwogesha mtu mzima," Okka akamwambia. "Nikipewa nusu, ile nusu nyingine utakuja kuiogesha wewe?"

"Bi Bruns, tusifike huko. Sheria sikuitunga mimi."

"Nimeisoma. Inataka gharama isiyoepukika. Haya, nionyeshe ningeiepuka vipi."

Meinders akamgeukia Hinnerk, akamwuliza taratibu kama kweli nusu haitoshi.

"Hapana," Hinnerk akasema.

Okka alituapia kwamba safari hii neno lilikuwa na maana yake kamili.

Baada ya wiki sita jibu likaja, akalifungua palepale posta. Kiti, bomba, sakafu na ujira wa mafundi vilikubaliwa. Vigae vya ukutani tu ndivyo vilivyokataliwa, eti ni mapambo. Tukampongeza, nikammiminia chai. Yeye akaisoma aya ya vigae mara mbili, akaniomba kalamu.

"Okka, shoga yangu, ni vigae tu," nikamwambia.

"Walitaka ukuta wa bafu niupake nini, siagi?" akasema, akasogeza kikombe pembeni, akaanza kuandika.