Moshi wa Korosho

Cheka, msomaji, ila usichekee juu ya vyombo vyetu.

Katika maabara yetu ya mifugo hapa Mtwara, tunakuza vipande vya bomba la hewa la kooni mwa vifaranga. Kwenye hadubini vinyweleo vyake hupepea kama mpunga kwenye upepo. Tukivitia bakteria wa mikoplazma, wale wanaoshambulia njia ya hewa, hujishikiza hapo, vinyweleo husimama, kisha utando hubanduka. Ajabu, hata vipande tusivyovitia ugonjwa vikaanza kufa.

Nikajipa kazi ya upelelezi. Mshukiwa alikuwa mwenzangu Somoe, mtafuna korosho. Kila asubuhi niliinamia vyombo vya vipande vikiwa wazi nikamhutubia kuhusu usafi, nikikohoa kila baada ya sentensi.

“Kaka, na hicho kikohozi?”

“Moshi wa korosho zenu mnazobangua kule Mtawanya!” nilimjibu, kisha nikaenda kwa Daktari, mkuu wetu, kuomba Somoe ahamishwe.

Jana Daktari akatuita wote kwenye hadubini.

“Chombo hiki Somoe alikishughulikia peke yake,” alisema. Nikachungulia. Vinyweleo vilikuwa vinacheza ngoma.

“Na hiki nilikiacha wazi wiki iliyopita, wakati unamhutubia.”

Humo hakikutikisika kitu. Utando ulikuwa umebanduka vipande vipande.

“Daktari, mimi siku zote ninazingatia…”

Kikohozi kikanikaba hapohapo. Somoe akaruka, akafunika vyombo vyote kwa mikono miwili.

“Pole, kaka,” akasema. “Moshi huo.”